Kuosha wazee nako kuna shule yake: nilivyosomea CNA Minnesota

Kuna watu nyumbani wakisikia uko Marekani wana swali moja tu: unabeba boksi au unaosha wazee? Mimi naosha wazee. Nimesema mapema ili anayetaka kucheka acheke, tuendelee. Kazi yenyewe inaitwa CNA, yaani muuguzi msaidizi mwenye cheti, na kwenye nyumba za wazee za huku haifanywi na mtu aliyeokotwa barabarani. Inasomewa, ina mtihani, na ukishafaulu jina lako linaingia kwenye daftari la jimbo.

Nilisoma majira ya baridi ya 2023 katika chuo kimoja cha ufundi hapa Minnesota. Jina sitalitaja, maana nina ya kusifu na nina ya kulalamika, na mwalimu wangu bado yupo pale. Ndugu na marafiki wananiuliza sana kama kuna haja ya kulipia darasa wakati zipo nyumba za wazee zinazofundisha bure. Jibu langu ni refu kidogo.

Tuanze na hesabu. Sheria ya serikali kuu ya 1987 inataka mafunzo yasipungue saa 75, na angalau saa 16 ziwe za vitendo chini ya msimamizi. Jimbo likitaka linaongeza: California ni saa 160, Maine 180. Minnesota wameridhika na 75. Chuo changu kilizigawa kwa wiki nane, jioni tatu kwa wiki, halafu Jumamosi tunapelekwa nyumba ya wazee kufanya kwa mikono. Mchana nilikuwa nafanya usafi hotelini, kwa hiyo ratiba ilinikubali. Cheti changu cha kidato cha nne nilikibeba kwenye bahasha siku ya kujiandikisha na hakuna aliyekiuliza. Ada, kitabu, sare, mtihani na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, vyote vilinifikia kama dola 1,400. Hiyo saa usiidharau. Mapigo ya moyo na pumzi vinahesabiwa kwa dakika nzima, na simu huruhusiwi kuitoa mfukoni.

Sasa sikiliza jambo ambalo chuoni hakuna aliyeniambia. Nyumba ya wazee iliyokuajiri hairuhusiwi kukutoza pesa ya mafunzo, na inaweza kukuweka kazini hadi miezi minne wakati unasoma na kusubiri mtihani. Na ukiwa ulijilipia mwenyewe, ukapata kazi kwenye nyumba ya wazee ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, gharama hizo unatakiwa kurudishiwa kidogo kidogo kadiri unavyoendelea kufanya kazi. Nililijua hilo kwa dada mmoja Mkenya tuliyekuwa tunasubiri basi pamoja, tena kwa bahati tu, tulikuwa tunalalamikia baridi. Nilitunza risiti kuanzia siku ile. Pesa yangu ilirudi kwa mafungu, na la mwisho liliingia nikiwa nimeshaisahau.

Kabla ya kugusa mgonjwa yeyote unapimwa kifua kikuu. Hapa watu wa kwetu wengi tunakwama. Wanakuchoma sindano ndogo chini ya ngozi ya mkono, unarudi baada ya siku mbili au tatu waangalie kama pamevimba. Wangu ulivimba kama umeumwa na nyuki. Nesi akaniangalia kwa jicho la huruma, akarudi nyuma hatua moja, mimi nikaanza kumfikiria marehemu baba mdogo aliyekohoa miaka miwili. Kumbe sababu ninatembea nayo begani tangu uchanga: chanjo ya kifua kikuu, BCG, ile inayoacha kovu. Ngozi ya aliyechanjwa inaweza kuvimba bila ugonjwa wowote. Nilipigwa picha ya kifua, ikatoka safi, lakini nilikosa Jumamosi ya kwanza wodini na nikalipia picha mwenyewe. Kipo kipimo cha damu ambacho BCG haikichanganyi. Ukienda, kiombe hicho toka mwanzo, usisubiri uvimbe.

Kiingereza hakikunisumbua nilivyoogopa. Msamiati ni uleule unarudiwa mpaka unauota usiku, na mtihani wa maandishi, kama kusoma kunakupa shida, una haki ya kuomba usomewe kwa sauti. Kilichonisumbua ni vipimo. Joto la mwili wanalitaja kwa Farenhaiti, 98.6 ndiyo 37 yetu. Vinywaji vya mgonjwa vimeandikwa kwa wakia (ounce) kwenye kikombe, ila kwenye karatasi unatakiwa ujaze mililita. Wakia moja ni mililita 30, kikombe cha wakia 8 ni 240. Niliandika kwenye kiganja wiki mbili nzima.

Lakini haya yote ni madogo. Kitu ambacho darasa lile lilinifundisha, na ambacho sidhani ningekipata kwa kuokoteza kazini, ni kuyaacha malezi yangu mlangoni. Nimekulia Muheza kwa bibi mzaa mama. Mzee akitaka maji unakimbia. Akitaka kusimama unamdaka kabla hajatia nguvu. Ukimwachia bibi yako abebe kikombe chake mwenyewe, majirani watakusema mpaka utamani kuhama. Sasa nimefika darasani, siku ya pili tu, nimepewa zoezi la kumwosha uso mwenzangu aliyelala kitandani. Mwenzangu alikuwa dada wa Kisomali aliyekulia Eastleigh, Kiswahili chake cha Nairobi kilikuwa ndiyo chakula changu cha jioni. Nikalowesha kitambaa, nikaanza na macho kama kitabu kinavyosema, kutoka ndani kwenda nje, kila jicho na pembe yake ya kitambaa. Nikamaliza vizuri. Mwalimu akaniambia nimekosea. Nikauliza wapi. Akasema: mikono yake ni mizima, kwa nini hukumpa kitambaa?

Sikumwelewa siku ile. Niliona ni uvivu wa Kizungu uliopambwa maneno.

Neno bibi nalo likapigwa marufuku. Nilikuwa namwita sanamu wa mazoezi bibi, kwa heshima kabisa, mwalimu akasema mkazi, yaani mzee anayeishi pale, si bibi yako; muulize anapenda kuitwaje, umwite hivyo. Halafu kuna pampasi. Sisi tuna neno moja tu, mtoto pampasi, mzee pampasi. Kiingereza cha darasani kina neno la nguo ya mtoto na neno la nguo ya mtu mzima, na ukitumia la mtoto unasahihishwa mbele za watu. Mwanzoni niliona wanakuza mambo. Hodi, kwa upande mwingine, niliifurahia: unabisha mlango, unajitaja, unaeleza umekuja kufanya nini, unavuta pazia, hata kama aliyemo chumbani hajatamka neno mwaka mzima. Hapo nilijiona niko kwetu.

Jumamosi yangu ya kwanza wodini nilipangiwa mzee aliyepata kiharusi, mkono wa kulia umelala. Kanuni ya kuvalisha nilikuwa naijua kwa moyo: unaanza kuvalisha upande uliopooza, unaanza kuvua upande mzima. Nikamwingiza shati, mkono wa kulia kwanza, likakaa. Kulikuwa na vifungo vitano. Nikanyoosha vidole, mwalimu akanishika kifundo cha mkono taratibu, hakusema kitu. Mzee akaanza kwa mkono wa kushoto. Anakibana kifungo kwa kidole gumba, anakisukuma, kinateleza. Anakisukuma tena. Nje theluji ilikuwa imepanda mpaka nusu ya dirisha, ndani joto, mimi natoka jasho kama niko Tanga mwezi wa pili. Kifungo cha kwanza kiliingia. Cha pili kikaingia. Cha tatu akakiruka, akatia cha nne kwenye tundu la tatu, shati likapanda upande mmoja kama pazia lililopinda. Nikauma ulimi. Akaangalia chini, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akakifungua kile alichokosea, akaanza upya. Nadhani ilichukua dakika kumi na zaidi. Uji wa shayiri ulikuwa umeshaganda mezani. Alipomaliza alijipigapiga kifuani kama mtu anayejikagua kwenye kioo kabla ya kwenda harusini.

Ndipo nikamkumbuka bibi miaka yake ya mwisho, tulivyomlisha, tulivyomvalisha, tulivyomshika huku na huku kwa upendo mpaka mikono ikasahau kazi. Sina la kuongeza hapo.

Malalamiko yangu sasa. Maabara ilikuwa na vitanda vinne na sisi tulikuwa kumi na sita, kwa hiyo mazoezi mengi ulikuwa unatazama mgongo wa mtu. Mashine ya kupima presha yenye jozi mbili za masikio, ile ambayo mwalimu anasikiliza pamoja na wewe, ilikuwa moja, na mara mbili ilikuwa mbovu. Nadharia nyingi ilikuwa mwalimu mwingine anasoma maandishi ukutani ambayo sote tunayaona. Na ile nyumba ya wazee tuliyopelekwa ilikuwa na upungufu wa watu. Kuna Jumamosi msimamizi alikuja na karatasi akatugawia vyumba kama vibarua, kugeuza watu na kubadilisha mashuka, bila ya mtu kutuangalia. Kugeuza mgonjwa kila saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia ni jambo la maana, sikatai, lakini sikulipa ada ili nikajaze pengo la mtu.

Mtihani wa vitendo nilianguka mara ya kwanza. Maandishi nilipita. Kwenye vitendo nilipangiwa kumhamisha mgonjwa toka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, kitu nilichokifanya mara arobaini na yule dada wa Eastleigh mpaka akawa ananiambia, "Wewe, unanishika kama gunia la waru!" yaani viazi. Viatu nilimvalisha, kitanda nilishusha, nyayo zikagusa sakafu, mkanda nikaufunga kiunoni juu ya nguo nikapitisha vidole kuona haubani. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Aliposimama, kiti kikarudi nyuma. Breki moja nilikuwa sijafunga. Kwa hofu nikaachia mkanda nikamdaka kwapani, kama ningemdaka bibi. Kwapa ndipo mahali wanapokukataza usishike kabisa, maana bega la mzee linachomoka. Msimamizi hakupaza sauti, aliandika tu. Nililia kwenye basi. Sheria inakupa angalau nafasi tatu, na nilirudia ile sehemu niliyoanguka tu. Mara ya pili breki nilizifunga, nikazitikisa, nikazitazama tena, nadhani msimamizi alichoka.

Nilianza kazi kwa dola 20 kwa saa, zamu ya jioni ina nyongeza kidogo. Na hapo ndipo ninapoona darasa lilinidanganya, au tuseme lilinyamaza. Darasani mgonjwa ni mmoja na una jioni nzima. Kazini kwangu jioni ya kawaida nina watu kumi na wawili, kengele tatu zinalia pamoja, na mmoja wao ana vifungo. Hakuna saa hata moja kati ya zile 75 iliyonifundisha nifanye nini hapo. Nilijifunza kwa mama mmoja Mliberia mwenye miaka ishirini kazini: anayejivua mwenyewe unaanza naye, unamwekea nguo za kulalia mapajani, unamwachia kengele mkononi, unakwenda kuhudumia wawili, unarudi. Anakuwa kafika kifungo cha nne. Kitu rahisi hivyo, ningelipia dola 1,400 kwa hicho peke yake.

Kwa hiyo kulipia au kutolipia? Kama unayo kazi nyingine ya kukushikilia na unaweza kusubiri, nenda chuo, tunza risiti. Kama kodi ya nyumba inakugongea mlango, nenda kwenye nyumba ya wazee inayofundisha, utalipwa huku unasoma, ila uliza nani atakufundisha na kwa muda gani. Na wale wenye mpango wa kurudi nyumbani kupumzika, angalieni kalenda: ukikaa miezi 24 mfululizo bila kazi ya uuguzi ya kulipwa, cheti kinalala na unatakiwa kupimwa upya.

Nyota nawapa tatu na nusu kwa tano. Vitanda vingeongezeka ningewapa nne.

Mama nilimpigia wiki ya kwanza ya mshahara. Shikamoo, marahaba, habari za baridi, halafu akaniuliza kazi yenyewe ikoje. Nikamwambia jioni ile nilikuwa na mzee mwenye kiharusi. "Ukamvua shati, ukamvalisha ya kulalia?" Nikamwambia hapana mama, nilikaa nikamtazama anavyojivua. Akanyamaza, nikadhani salio limekwisha.

"Na wanakulipa?"