Namanga kwa mwenye mzigo mdogo: panda Noah, achana na gari la moja kwa moja

Wadau wa Arusha mnaopeleka vimzigo Nairobi, hii ni yenu. Naongelea kuvuka Namanga, kile kituo cha pamoja cha mpakani wanachokiita OSBP, pamoja na usafiri wa kufika pale, maana usafiri ukiukosea hata mpaka uwe mzuri vipi utaulaani bure.

Kituo chenyewe nakipa nyota 4 kati ya 5. Kilizinduliwa na Magufuli na Uhuru Desemba 2018 na waliovuka kabla ya hapo wanajua ilivyokuwa, unapanga foleni kwetu ugongewe muhuri wa kutoka halafu unaburuza mizigo juani mpaka upande wa Kenya unaanza foleni upya. Siku hizi ukienda Kenya unapita zako mpaka jengo la Kenya, humo humo dirisha la uhamiaji wetu na la kwao yanafuatana, unagongewa kutoka, unasogea, unagongewa kuingia, imeisha hiyo. Kurudi ni vile vile ila jengo la Tanzania. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi, uwe na pasi au hati ya dharura (Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wao kwa wao wanavuka na vitambulisho tu, sisi tupo tupo kwanza), na kadi ya homa ya manjano itembee na pasi maana wakati wa kurudi unaweza kuulizwa.

Sasa mzigo, hapa ndo penye mambo. Mimi napeleka vitunguu saumu vya Mbulu, sio vingi, magunia ya kujaa keria ya Noah. Kama mzigo wako umelimwa au umetengenezwa ndani ya Afrika Mashariki, upo kwenye orodha ya bidhaa zinazokubalika na thamani yake haizidi dola 2,000, kuna cheti cha uasili cha wafanyabiashara wadogo, unajaziwa pale pale mpakani, ni bure, na wala huhitaji wakala. Narudia, BURE. Ukishuka tu kwenye gari utazungukwa na vijana "dada lete nikujazie fomu, dada foleni ndefu leo", wape salamu uendelee na safari. Ila msije mkanielewa vibaya, cheti kinakuondolea ushuru wa forodha tu, kodi zingine kama VAT zinaweza kuwepo kutegemea na bidhaa, so uliza dirishani kabla hujapiga hesabu za faida. Na wale wa kurudi na nguo za Eastleigh, lile soko la Nairobi, risiti ya Nairobi haifanyi suruali ya jeans ya China iwe ya Kenya jamani, hiyo inalipiwa ushuru kama kawaida.

Kwa mazao lazima uwe na cheti cha afya ya mimea, na usidhani ni karatasi ya urembo. Yule afisa anachagua gunia analotaka yeye, sio lile ulilolisogeza mbele, anazamisha mkono mpaka chini kabisa, anatoa kitunguu kimoja anakipasua na kucha anaangalia katikati ya punje kama kuna ukungu, anarudia gunia lingine. Ukiwa na mzigo mkavu dakika chache umemaliza, ukiwa umechanganya na vibichi hapo mtaongea sana. Wa mahindi ndo wanajua zaidi, Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kisa sumukuvu (sumu ya ukungu), siku chache baadae wakafungua lakini kwa masharti ya vyeti, na malori yalikuwa yapo barabarani tayari.

Kwa huo ukaguzi ndo maana nasema achana na gari la moja kwa moja la Arusha–Nairobi. Yanafaa kwa mwenye begi moja. Dereva anahesabu abiria waliogongewa mihuri, wewe uko kwenye magunia, honi inalia, abiria wamenuna, mara konda anakuja kukwambia tutakuacha. Na mimi nilishaachwa kweli, kampuni siitaji, nauli yote ya Nairobi nilikuwa nimelipa na hawakurudisha hata mia. Noah za Arusha–Namanga ni kubanana, siti ya watatu mnakaa wanne na ukifika Longido goti halina hisia, lakini ukishashusha mzigo hamna anayekudai muda, unakaguliwa taratibu, unavuka na mkokoteni, upande wa pili matatu za Nairobi zipo zinaita abiria. Mkokoteni patana bei KABLA hajagusa gunia.

Usafiri huu nyota 3, kwa sababu ya goti.

Pesa badilisha dukani. Wale wa barabarani wenye vibunda mkononi wanakuja na rate tamu, anakuhesabia mbele yako vizuri kabisa halafu anazichukua "ngoja nizipange", zikirudi zimepungua, au kikokotoo kimeshachezewa. Mimi siku hizi hela ndefu naituma M-Pesa kwa mteja na yeye ananitumia, Vodacom na Safaricom zinapokeana toka 2015, mfukoni nabaki na nauli na ya chai.

Alafu kitu kidogo ambacho watu wanasahau, mifuko ya plastiki. Kenya walipiga marufuku Agosti 2017, sisi Juni 2019, kwa hiyo huna pa kuponea upande wowote. Saumu za kuuza reja reja zifunge kwenye neti, zinapata hewa na afisa anaziona bila kufungua.