Uzoefu wangu katika kundi la WhatsApp la mijadala ya siasa, Mtwara

Nilijiunga na kundi hili mwezi Novemba 2018, wiki ileile ambayo Serikali ilitangaza kwamba itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaanza kuonekana barabarani yakisomba mzigo. Wanunuzi walikuwa wametoa bei ambazo sisi wakulima tulizikataa mnadani, na kila mtu Mtwara alikuwa na lake la kusema. Mimi nina mikorosho niliyorithi kwa marehemu baba yangu huko Nanyamba, na hapa mjini nina duka dogo la vyakula mtaa wa Chikongola, kwa hiyo habari ya korosho kwangu ni habari ya ada ya shule na ya mtaji wa duka. Shemeji yangu ndiye aliyeniingiza, na aliniambia maneno ambayo mpaka leo ndiyo kipimo changu cha kulipima kundi hili: kule watu hawajadili kwa mdomo mtupu, wanajadili kwa karatasi.

Jina la kundi silitaji, kwa kuwa humu nitasema mazuri na mabaya ya watu ambao hawapo hapa kujitetea. Wanachama wake ni wakulima, walimu, madereva wa malori, wavuvi wa Mikindani, makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, yaani vile vya kijijini vinavyokusanya korosho za wakulima, madiwani wawili wa vyama tofauti vya siasa, na vijana wa Kusini wanaosoma au kufanya kazi Dar es Salaam. Wengi tunatoka Mtwara, Tandahimba, Newala na Masasi, na kwa upande wa Lindi wapo wa Kilwa, Ruangwa na Lindi mjini. Kanuni kuu ni moja: anayeleta habari aseme ameipata wapi, alete tarehe, waraka, kifungu cha sheria au picha ya karatasi yenyewe, na asiyekuwa nacho aseme wazi kwamba anatoa maoni yake. Wanachama wameifupisha kuwa maneno mawili, "leta karatasi", na ukiyaona maneno hayo chini ya ujumbe wako ujue umeulizwa swali la haki.

Nieleze siku moja niliyoona kanuni hiyo ikifanya kazi, kwa sababu ndiyo sababu ya mimi kubaki. Ilikuwa msimu wa 2024, mwaka ambao minada ya korosho ilianza kufanyika kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, na mwezi Oktoba bei katika minada ya kwanza ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo. Furaha ilikuwa kubwa, kisha malipo yakaanza kuingia na watu wakaona fedha pungufu ya ile waliyoipiga hesabu vichwani. Jioni moja mzee mmoja wa kijiji jirani na chetu aliandika kwamba wakulima wameibiwa mchana kweupe, na kwa dakika ishirini hivi kundi likawaka: wengine wakiwalaani viongozi wa vyama vya ushirika, wengine wakidai kwamba ni hila ya Serikali, na kijana mmoja akitaka watu waandamane kesho yake. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu akaandika, "Mzee wetu, tunakuheshimu. Leta karatasi."

Mzee alipiga picha ya hati yake ya malipo na kuituma. Nilikuwa nimeketi nyuma ya meza ya dukani, nikaikuza picha kwa vidole viwili mpaka nikaona alama ya kidole chenye wino pembeni, na mstari mmoja baada ya mwingine tukaanza kuusoma pamoja. Karani mmoja wa chama cha msingi alieleza kila kato linakwenda wapi: la chama cha msingi, la chama kikuu, la kusafirisha mzigo kutoka kijijini hadi ghala kuu, na la ghala lenyewe. Akaeleza pia habari ya unyaufu, yaani uzito unaopungua korosho zinapokauka ghalani, jambo ambalo mimi, pamoja na kukulia chini ya mikorosho, sikuwahi kueleweshwa kwa utaratibu. Mtu mmoja akashikilia kwamba ndani ya makato hayo umo ushuru wa halmashauri wa asilimia 5 anaotozwa mkulima. Akajibiwa kwa sheria: ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3, na anayepaswa kuulipa ni mnunuzi. Mwishoni ikaonekana kwamba mzee alikuwa amepiga hesabu kwa bei ya juu aliyoisikia redioni ya mnada wa kwanza, ilhali mzigo wa ghala lake uliuzwa mnada wa baadaye bei ikiwa imeshashuka.

Hata hivyo, hakuwa amekosea kila kitu, na hili ndilo lililonigusa zaidi. Kato moja kwenye hati yake halikufanana na lile lililosomwa kwenye mkutano mkuu wa chama chake, na yule karani, ambaye angeweza kunyamaza, alisema wazi kwamba naye haoni maelezo yake. Mzee aliichapisha picha ileile, akaenda nayo ofisini kwa chama siku ya Jumatatu, akarekebishiwa. Kiasi chenyewe hakikuwa kikubwa, lakini tangu siku hiyo hati za malipo huletwa kundini kila msimu, na mimi nimejifunza kuisoma yangu kabla sijaweka sahihi.

Kwa wanawake kundi lina jambo la pekee ambalo nalitamka kwa shukrani. Vijiwe vya kahawa vya mjini kwetu ni vya wanaume. Mwanamke anapita na kikapu chake, anasikia siasa ikijadiliwa, anaendelea na safari yake. Kundini neno langu linasomwa kama la mwingine yeyote. Nilipoandika kwa mara ya kwanza, nikiuliza wakulima watahakikiwaje kabla ya kulipwa zile shilingi 3,300 na mwenye shamba la kurithi lisilo na hati atafanyaje, mzee mmoja wa Newala alinijibu, "Mwanangu, swali lako lina uzito, usiliache." Sikuliacha, na siku ile ndipo nilipoanza kujihesabu kuwa mtu mwenye la kusema katika mambo ya mkoa wangu.

Lakini mlango huo unaotuingiza huwaingiza na wengine. Katika mjadala wa korosho kusafirishwa kupitia Bandari ya Mtwara badala ya kupelekwa Dar es Salaam, nilipingana na mwanachama mmoja mwanaume, naye badala ya kunijibu hadharani akaanza kunitumia matusi ya nguoni kwenye namba yangu binafsi usiku. Nilipeleka malalamiko kwa wasimamizi, wakachukua siku tatu kumwondoa, wakisema kwanza wanataka kutusuluhisha. Siku tatu ni nyingi. Baadaye walibadilisha utaratibu, na sasa anayemfuata mwanachama faragha kwa matusi huondolewa siku hiyohiyo, lakini wanawake wawili waliokuwa wachangiaji wazuri walishajitoa na hawakurudi.

Kasoro nyingine niliiona mapema zaidi na iliniumiza kuliko matusi. Mwezi Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatoa tahadhari na watu wa maeneo ya pwani walielekezwa kusogea sehemu salama. Jioni ile mwanachama mmoja alirusha kundini sauti ya mtu asiyejitambulisha, anayepumua kwa kasi, akisema bahari imekwisha kumeza nyumba za Msimbati na sasa inaelekea Msanga Mkuu. Mama yangu anaishi Msanga Mkuu, ng'ambo ya ghuba, ambako kutoka mjini huvuka kwa pantoni. Hakuna aliyeuliza sauti ile ni ya nani. Mimi pia sikuuliza. Nilimpigia mama papo hapo, naye akatoka gizani na wajukuu wawili, akajikwaa na kuteguka kifundo cha mguu. Kimbunga kiliingia Cabo Delgado, upande wa Msumbiji, jioni ya tarehe 25, na nyumba za Msimbati zilikuwa zimesimama. Aliyerusha sauti ile aliifuta na kujitoa bila neno. Baada ya hapo ikaongezwa kanuni kwamba sauti isiyokuwa na jina la mwenyewe, mahali na tarehe haipokelewi, na nimewaona wasimamizi wakiisimamia hata kwa rafiki zao.

Ubora wa mjadala ulishuka mwaka 2022, na sababu yake naiona katika idadi. Kabla ya hapo kundi la WhatsApp halikuweza kuzidi watu 256, nasi tulikuwa tumejaa. Ili mmoja aingie ilibidi mwingine atoke, hivyo kila aliyeingia alikuwa anafahamika na mtu. Mwaka ule kikomo kikapandishwa hadi 512, kisha hadi 1,024, na wasimamizi wakafungua mlango. Katika miezi michache tulianza kuamkia matangazo ya mikopo, mabango ya wanasiasa, na watu ambao hawakuwahi kuchangia hoja hata moja ila kila siku hurusha habari walizozikuta kwingine. Mjadala wa gesi, ambao hapo awali tuliufanya kwa wiki nzima tukianzia ugunduzi wa gesi wa Mnazi Bay wa mwaka 1982 na kupita katika ghasia za Januari na Mei 2013 za kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, mpaka tukaulizana ushuru wa huduma, wakati ule asilimia 0.3, uliokuwa ukilipwa halmashauri ulikuwa unafanya kazi gani vijijini, ulijaribiwa tena mwaka 2023 ukafa kwa siku moja. Ujumbe wa mtu wa Madimba, kwenye mtambo wa kuchakata gesi, aliyeandika kwa kirefu ulimezwa na picha za watani wa jadi wa mpira kabla sijamaliza kuusoma. Wasimamizi waliwapunguza watu mwishoni mwa mwaka huo, na hali imerejea kwa sehemu kubwa, ingawa si kama zamani.

Kuhusu uchaguzi, nina malalamiko ninayoyasimamia. Novemba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27, tulikuwa katikati ya mjadala mzito juu ya wagombea walioenguliwa, na kwa mara ya kwanza watu wa vyama vyote walikuwa wanasoma kanuni za uchaguzi zilezile na kubishana juu ya makosa ya ujazaji wa fomu. Ghafla kundi likafungwa, wasimamizi pekee wakawa wanaandika, na likabaki hivyo kwa siku tisa. Naelewa hofu yao. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamwekea anayechapisha habari za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja, na mwenye kundi anajiuliza maneno ya mtu mwingine yatamfikisha wapi. Hata hivyo, mjadala uliofungwa ulikuwa wa watu wenye karatasi mikononi, na Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Ingetosha kuzuia picha na sauti kwa siku zile na kuacha maandishi. Niliwaandikia hivyo, na jibu nililopata ni kwamba watalifikiria.

Gharama zake ni za kawaida. Maandishi hayali bando, ila video na sauti ndefu hulimaliza. Zima upakuaji wa moja kwa moja tangu siku ya kwanza, la sivyo simu itajaa ndani ya wiki. Ninapokuwa shambani mtandao husumbua, na hapo humshukuru dada mmoja wa Lindi ambaye kila usiku huandika kwa ufupi yaliyosemwa katika sauti za siku nzima. Kwa mfano, habari za fidia ya wananchi wa Likong'o, eneo linalokusudiwa kujengwa mtambo wa kuchakata gesi asilia, nimezifuatilia kwa miaka yote hii kupitia muhtasari wake.

Kundi nalipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa zile siku tisa. Anayetaka kuingia ni lazima atambulishwe na mwanachama, naye ataulizwa jina lake halisi na kijiji au mtaa anaotoka. Wiki mbili za kwanza ni za kusoma tu. Zitumie kupekua hati za malipo za misimu iliyopita ambazo zimehifadhiwa humo, hasa kama una mikorosho.