FamilySearch na babu yetu anayesemwa alifilisika

Katika ukoo wetu kuna babu mmoja anayetajwa kwa kazi yake kuliko kwa jina. Ni "yule mfanyabiashara". Aliuza vitambaa katika mji wa bandari, karne ya 19, na kila aliyenisimulia habari zake aliishia palepale: alifilisika, akafunga duka, akafa hana kitu. Shangazi yangu mwenye miaka 83 ndiye mkubwa wetu aliyebaki, naye alikuwa akilitamka neno hilo kwa sauti ya chini, kana kwamba wadai wangali mlangoni. Mimi ni kilembwe wa mzee huyo. Nimefanya kazi ya uhasibu miaka 31, na nilipostaafu nilikuwa na shauku moja: kuziona hesabu zake kwa macho yangu.

Nimeitumia FamilySearch, tovuti ya kutafutia habari za ukoo, kwa karibu miaka miwili kwa shughuli hiyo tu. Wengi wanaipenda kwa sababu ya mti wa ukoo. Mimi mti huo niliutazama siku mbili tatu nikauacha. Kilichonifaa ni kurasa ambazo babu yangu si mhusika mkuu, na nadhani yeyote anayemtafuta mfanyabiashara ataona hivyohivyo.

Kwa asiyeijua, hii ni huduma ya bure. Unafungua akaunti, unaingia. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na mizizi yake ni chama cha nasaba kilichoanzishwa Utah, Marekani, mwaka 1894. Mwaka 1938 walianza kupiga nyaraka kwa mikrofilamu, yaani mikanda ya picha ndogondogo, nchi baada ya nchi: ubatizo, ndoa, ardhi, mirathi, mahakama. Wana mikanda ipatayo milioni 2.4, na nakala zake za msingi zimetunzwa ndani ya mlima wa mawe karibu na Salt Lake City. Zamani uliagiza mkanda na kusubiri ufike kituo cha karibu. Utaratibu huo ulikoma mwaka 2017, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba kazi ya kuigeuza mikanda yote kuwa picha za kidijitali imekamilika. Dini yangu si hiyo, na hakuna mahali nilipoulizwa.

Kabla ya kufika huko nilipoteza miezi minane. Nilijiunga na huduma nyingine ya kulipia, na wiki ya kwanza tu nikamwona "babu yangu" kwenye mti uliotengenezwa na mtu nisiyemjua. Jina lilelile, bandari ileile, biashara ileile ya vitambaa, na chini yake tangazo la gazeti la mwaka 1871: ametangazwa mufilisi. Nililia. Nikaamini kila kitu, kwa sababu kililingana na nilichosikia tangu utoto. Nikaanza kumjengea mzee huyo maisha yake yote, nikawaandikia ndugu, nikamwambia shangazi kwamba nimepata ushahidi.

Ushahidi huo ulivunjwa na sahihi moja. Ndani ya FamilySearch nilikuwa nikipitia kitabu cha ndoa cha mji huo ambacho hakijatengenezewa faharasa, yaani orodha ya majina ya kutafutia, picha kwa picha, kama mtu anayefunua daftari. Ndipo nikakuta ndoa ya binti yake mkubwa, ambaye jina lake na la mumewe shangazi anayajua kwa moyo. Mwaka ni 1879. Chini, pembeni mwa maandishi ya karani, baba wa bibi harusi ametia sahihi kwa herufi za Kiarabu, na mkia wa herufi ya mwisho umevutwa hadi ukapita chini ya jina zima, kama mtu anayepiga mstari chini ya jumla. Yule mufilisi wa mwaka 1871 alifariki mwaka 1874. Mirathi yake ipo. Marehemu haozeshi binti. Nilikuwa nimemlilia mtu mwingine kabisa, na babu yangu nilikuwa bado sijamwona.

Hapo nieleze jambo ambalo ningependa kuambiwa siku ya kwanza. Faharasa nyingi humworodhesha mwenye shughuli: aliyezaliwa, walioana, aliyekufa. Ukimtafuta mkulima aliyeishi na kufia palepale, huenda zikakutosha. Mfanyabiashara maisha yake yamo kwenye shughuli za watu wengine. Ni shahidi wa wosia wa jirani, mdhamini wa kodi ya nyumba, mdai katika mirathi ya mteja, jirani wa mpakani katika hati ya kiwanja cha mtu. Wachache sana waliacha karatasi zao wenyewe. Mmoja aliyebahatika ni Francesco di Marco Datini wa Prato, Italia, aliyefariki mwaka 1410: vitabu vyake vya hesabu ni zaidi ya 500 na barua takriban 150,000, nazo zingalipo. Wengine wote, akiwemo babu yangu, inabidi uwaokote kipande kwa kipande kwenye karatasi za majirani.

Kwa hiyo kifaa ninachokisifu kuliko vyote ni utafutaji wa maandishi yote, ambao FamilySearch waliuonyesha mwaka 2024. Kompyuta imesoma mwandiko wa mkono wa ukurasa mzima, si majina ya wahusika wakuu peke yake, na walianza na hati za ardhi, mirathi na mikataba ya wathibitishaji (maafisa wanaohalalisha mikataba), yaani karatasi ambazo wafanyabiashara hawawezi kuzikwepa. Unaandika jina ndani ya alama za kunukuu ili maneno yasitengane, unaweka alama ya kujumlisha mbele ya neno ambalo ni lazima liwepo, kisha unachuja kwa mahali na mwaka. Niliandika jina la babu na la mtaa wake. Yakaja matokeo 17. Nilipoyasoma moja moja, 11 yalikuwa yake.

Jamani, mtu aliyekuwa neno moja tu, "alifilisika", siku hiyo alianza kutembea. Mwaka 1863 ni shahidi wa wosia wa fundi cherehani. Mwaka 1868 anamdhamini mjane fulani ili asitolewe nyumbani. Mwaka 1870 ananunua kiwanja, na kwenye mipaka yake nikapata jina la mtaa wa duka. Nikachukua daftari langu la mistari, nikapanga safu: mwaka, hati, nafasi yake, na nani wengine walikuwepo. Hii safu ya mwisho usiiruke. Katika hati sita kati ya 11, jina lilelile moja lilikuwa ubavuni mwake, sahihi mbili zimefuatana. Basi nikaacha kumtafuta babu, nikamtafuta huyo mwenziwe.

Alikuwa mshirika wake. Mkataba wa kuanzisha ushirika ni wa mwaka 1866, na umewekwa kwa jina la mshirika ndiyo maana faharasa haikuwahi kunipa. Mkataba wa kuuvunja ni wa mwaka 1882. Niliusoma usiku, nikausoma tena asubuhi kwa kuogopa kwamba nimekosea. Hakuna kufilisika. Bidhaa zinagawanywa, madeni yanagawanywa, duka linabaki kwa mshirika, na sababu imeandikwa kwa maneno machache sana: babu yangu hawezi kuendelea "kwa maradhi ya macho". Muuza vitambaa ambaye hawezi tena kutofautisha bluu na nyeusi.

Nikarudi kuziangalia sahihi zote kwa mpangilio wa miaka. Mwaka 1879 ule mkia mrefu umenyooka. Mwaka 1882 unapanda na kuvuka mstari, herufi mbili zimepandana. Kwenye wosia hakuna sahihi. Kuna alama ndogo, na pembeni karani ameandika kwamba hiyo ni alama yake.

Wosia huo karibu uniponyoke. Umeandikwa mwaka 1301 wa Hijria na ukasajiliwa mwaka 1884, nami nikadhani ni watu wawili mpaka nilipokumbuka kukokotoa: 1301 ilianza Novemba 1883 na kuisha Oktoba 1884. Kama mtu wako ana tarehe za kalenda mbili, zibadilishe zote kabla hujasema hazilingani. Na umri usiubadilishe kichwani, maana mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Aliyetimiza 66 kwa kalenda hiyo ana kama 64 kwa hii nyingine.

Nyuma ya wosia ipo orodha ya mali. Majora tisa ya kitambaa. Mikasi miwili, mmoja umepinda. Fimbo ya kupimia ya wari moja, imetiwa shaba kwenye ncha. Sanduku la madaftari, "yasiyosomeka", anasema karani. Kisha wadaiwa 23, kila mmoja na kiasi chake. Mazoea ya kazi yakanishika, nikazijumlisha: karani alisahau kubeba moja katika safu ya tatu. Hata kwa jumla yake yenye makosa, anachodai babu ni zaidi ya mara nne ya anachodaiwa. Na mbele ya majina matatu, badala ya kiasi, limeandikwa neno moja: amesamehewa. Mmoja wa hao watatu ni yule mjane aliyemdhamini mwaka 1868.

Sasa upande wa mapungufu, maana anayeanza leo ayajue mapema. Si kila picha inafunguka ukiwa nyumbani. Nyingine zina alama ya kamera yenye ufunguo juu yake, na kulingana na makubaliano na wenye nyaraka utaziona ukiwa kwenye kituo chao au maktaba shirikishi tu. Panga safari moja, nenda na orodha ya namba za vikundi vya picha, usiende kubahatisha. Kompyuta nayo husoma mwandiko kama msomaji mgeni: jina moja linaweza kuwa na sura tano, kwa hiyo tumia alama ya nyota mahali pa herufi zenye utata, na mara nyingine mtafute mtu kwa jina la mtaa au la bidhaa. Na nyaraka zilizosomwa hivyo ni sehemu tu ya zilizopo. Zilizobaki utazifikia kwa katalogi, ambayo imepangwa kwa mahali, kisha kufunua ukurasa kwa ukurasa. Ni kazi ya subira, lakini ile ndoa ya mwaka 1879 isingenifikia kwa njia nyingine.

Kuhusu mti: ni mmoja wa pamoja kwa watu wote, na habari za marehemu zinaweza kuhaririwa na mtumiaji yeyote. Walio hai hufichwa, na kila badiliko huwekwa kwenye kumbukumbu pamoja na aliyelifanya, jambo ninalolikubali kihasibu. Hata hivyo mimi huuchukulia kama hesabu ambayo haijakaguliwa. Ukiona dai lisilo na picha ya hati, liwekee alama ya kuuliza uendelee na kazi. Na fungua kila ukurasa asilia hata kama faharasa imekupa jibu, kwa sababu faharasa haina sahihi, haina pembezoni, haina neno "amesamehewa".

Watu ambao mfanyabiashara wao alikuwa Uingereza nawaonea wivu kidogo: The London Gazette linatoka tangu 1665, matoleo yake ya zamani yanatafutwa bure mtandaoni, na humo wametangaza ufilisi na kuvunjwa kwa ushirika kama vitu viwili tofauti. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyopotea midomoni mwa ukoo wetu. Nyumbani ilionekana duka limefungwa, ikatosha.

FamilySearch naipa nyota nne na nusu. Hiyo nusu naizuia kwa ajili ya zile picha zenye ufunguo.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa shangazi na kompyuta yangu. Nikamkuzia sahihi mpaka zikajaa skrini, nikamsomea mkataba wa mwaka 1882 taratibu. Nilipofika kwenye macho akaninyanyulia mkono.

"Rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia.

"Marehemu baba naye," akasema, "mwisho wake tulikuwa tukimshika mkono kwenda msikitini. Hakuna aliyetuambia kwamba tatizo hili limetoka mbali." Akanyamaza sana. Kisha akavaa miwani yake, akasogea karibu na skrini, akaniuliza kama yule mjane alikuwa na watoto, na kama wajukuu wao wanajua kwamba hawadaiwi.

Jina la mjane huyo nimeshaliandika kwenye kisanduku cha kutafutia, ndani ya alama za kunukuu. Matokeo ni manne. Bado nayasoma.