Bega langu liliganda: fiziotherapia, sindano moja na kapi la shemeji

Ilianza kama kitu cha kudharau. Mwezi wa pili mwaka jana nilipeleka mkono wa kushoto nyuma ya kiti cha bajaji nichukue madaftari ya wanafunzi, bega likachoma kama nimebandikwa pasi. Nikasema nimelala vibaya. Mwezi haukuisha nikawa silalii tena ubavu ule, na kufika Mei siwezi kufunga sidiria kwa nyuma. Nafunga kwa mbele, halafu naizungusha. Wanawake wenzangu mnanielewa.

Kabla ya kufika kwa mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, nilizunguka sana. Zahanati moja walinichoma diklofenaki, dawa ya maumivu, siku tatu, nikapata nafuu ya siku tatu. Mama mmoja anayesifika kwa kukanda aliniwekea mafuta ya nazi na karafuu, sawa, yana joto zuri, ila baadaye akaushika mkono na kuuvuta juu kwa nguvu "ufunguke". Nilipiga ukelele majirani wakatoka. Wiki mbili zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote nilizopitia na bega hili. Nikaenda hospitali, wakaniambia picha ya eksirei ni safi, nikarudi nyumbani na panado na karatasi inayosema sina tatizo. Sina tatizo, na kuchana nywele siwezi!

Daktari mmoja tu nampa maksi zote katika mzunguko ule: aliposikia bega la kushoto, umri miaka 53, sukari, alinipima moyo kwanza. Alisema maumivu ya moyo hujificha begani, na yakija ghafla na kifua kubana, jasho na pumzi kukata, mtu asingoje asubuhi. Moyo ukaonekana mzima, akaniandikia fiziotherapia.

Kituo nilichoenda kipo hapa Tanga, vyumba viwili, feni moja. Kipindi kimoja shilingi 20,000, dakika arobaini hivi. Mtaalamu ni kijana wa kuzidi mwanangu kidogo. "Shikamoo mwalimu, kaa hapa, kiwiko kibane ubavuni, sasa peleka kiganja nje kama unafungua mlango." Wa kulia ukaenda. Wa kushoto ukagota pale pale, kama mlango uliofungwa mnyororo. Halafu akaushika yeye taratibu, mimi nimelegea kabisa, ukagota pale pale. Akasema hilo ndilo alilokuwa anatafuta: ungekuwa msuli umechanika, mimi ningeshindwa kuuinua lakini yeye angeuinua ukaenda. Ukimgomea mwenyewe na ukamgomea mwingine, na eksirei haina kasoro, hilo ni bega lililoganda.

Kiungo cha bega kimezungukwa na utando kama mfuko, na chini kwapani una mikunjo ya akiba ili mkono uweze kupanda. Mfuko huo ukivimba, ukawa mnene na kusinyaa, akiba inaisha. Mimi nilielewa kwa mfano wa blauzi ya kitenge iliyobanwa kwapani: ukiinua mkono, nguo yote inapanda. Ndiyo maana bega langu lilikuwa linapanda hadi sikioni nikijaribu kuchukua kopo kabatini. Na ndiyo maana picha ilikuwa safi, kwa sababu eksirei inaonyesha mfupa na utando huo hauonekani.

Kwa nini mimi? Sukari. Wenye kisukari tunapatwa zaidi kuliko wengine, na wenye matatizo ya tezi ya shingo pia, na waliofungwa mkono muda mrefu baada ya kuvunjika, upasuaji au kiharusi. Wanawake wa miaka 40 hadi 60 ndio tunaoongoza. Wajapani wanaliita kabisa bega la miaka hamsini. Kipimo changu cha sukari cha miezi mitatu kilikuwa asilimia 9.4, na kijana hakunificha: "Mama, mimi nafanya kazi begani, wewe fanya kazi mezani kwako."

Sasa huduma yenyewe. Mashine ya umeme ya kubandika begani inapendeza, inatekenya, unasinzia, ila kwa pesa yangu singeirudia. Kilichonisaidia ni kuambiwa niko hatua gani. Kuna miezi ya maumivu ambayo hutakiwi kulazimisha kitu (hapo ndipo mkandaji aliponiharibia), kisha miezi ya kukaza ambayo maumivu yanapungua lakini mkono hauendi, halafu kulegea pole pole. Safari nzima mwaka mmoja hadi mitatu. Nililia nilipoambiwa, lakini angalau nilijua.

Kwa sababu nilikuwa bado kwenye maumivu, alinirudisha kwa daktari nikachomwa sindano moja ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya kiungo. Baada ya siku nne nililala usiku mzima, mara ya kwanza tangu Machi. Wenye sukari mjiandae: yangu ilipanda toka 8 hadi 17, ikakaa juu siku kadhaa. Hakuna aliyeniambia mapema, na kwa hilo nawakata nyota moja.

Mazoezi ni ya nyumbani. La kuinama mkono wa kulia mezani, wa kushoto unaning'inia na kubembea kama mkonga wa tembo, nilifanya ofisini kwa walimu wakati wa mapumziko, wakacheka, wakazoea. Linaitwa kwa jina la Codman, daktari wa Boston aliyelitangaza jina hili la bega lililoganda mwaka 1934. La kupandisha vidole ukutani niliweka alama za chaki na tarehe. Ya kwanza ilikuwa chini ya swichi ya taa. Na la kamba: shemeji yangu mvuvi alinipa kapi la mashua, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, tukalitundika kwenye kizingiti cha mlango, mkono mzima unauvuta mgonjwa juu. Robo saa, mara tatu kwa siku, baada ya taulo la maji moto.

Jirani aliniambia wenye bima kubwa wanalazwa usingizi, bega linafunguliwa kwa kuuzungusha mkono kwa nguvu, au utando unakatwa kwa vifaa vidogo vyenye kamera. Ni kweli zipo. Lakini Uingereza walizilinganisha njia hizo mbili na fiziotherapia pamoja na sindano kwa wagonjwa 503, majibu yakatoka 2020, na baada ya mwaka hakuna iliyozishinda nyingine waziwazi. Wivu ukaniisha.

Nililipa vipindi tisa tu. Leo ni mwezi wa kumi na nne, chaki imepita fremu ya dirisha, na sidiria nafunga kwa nyuma, ingawa kwa kunyongorota. Kituo nakipa nyota nne.

Shemeji ameulizia kapi lake mara mbili. Kijana alishaniambia kwamba kwa mwenye sukari bega la pili nalo huweza kufuata, kwa hiyo nimemjibu asubiri kwanza la kulia liseme.