Mwaka mzima na meza ya kupokelea mbao

Siku niliyoamua kuijenga meza hii nilikuwa napasua ubao wa mninga wa futi nane kwenye msumeno wa umeme, na saidia fundi wangu ametoka kufuata chai. Ubao ulipovuka nusu ukaanza kulemea upande wa pili, ncha niliyoishika ikainuka, nikabaki nimeulalia kwa kifua huku bledi inazunguka. Sikuumia, ila chai ile ilinipita.

Karakana yangu iko Keko, Dar es Salaam, na wanaozijua karakana za Keko wanajua hapana nafasi ya meza mbili. Hii moja inapokea mbao nyuma ya msumeno, ndiyo ninayoungia makabati, na chini yake ni stoo. Uso una mita 1.5 kwa 1.2: plywood ya milimita 18 juu na chini, katikati mbavu za plywood zilizosimama kila baada ya sentimita 20, mfano wa sanduku bapa. Inakula gundi na siku mbili za kazi, lakini haijapinda hata kidogo.

Penye uzito wote ni kimo. Msumeno wangu una sentimita 86 kutoka chini. Meza nimeishusha milimita 2 zaidi. Wengi hudhani zilingane sawasawa. Zikilingana, uso ukivimba kidogo tu wakati wa masika, ubao unagonga ukingo na kukwama bledi ikiwa bado ndani yake, na ubao uliokwama hapo unaweza kukurudia kwa nguvu. Sakafu yangu nayo ilimwagwa na mtu mwenye haraka zake, kwa hiyo miguuni nimefunga boliti za kupandisha na kushusha. Mwanzoni nilinunua magurudumu yenye breki, tena kwa bei iliyozidi reli zote za droo. Nimeyang'oa. Kila nikiisogeza meza, ilibidi nianze upya na pima maji.

Halafu mifereji. Kifaa cha kukatia mkingamo kina upau unaoteleza ndani ya mfereji wa uso wa msumeno. Upau huo hutokeza nyuma ya msumeno, na usipochonga njia yake unagonga meza kabla hujamaliza kukata. Mifereji ya msumeno ina upana wa robo tatu ya inchi. Ya mezani niliichonga kwa ruta, ile mashine ya kuchonga mifereji, ikawa inchi nzima, ili hata meza ikisogea kidogo upau upite.

Kosa langu sasa. Kwa uchu wa nafasi nililisukuma kabati la chini ya meza, ile stoo, hadi likagusana na msumeno. Msumeno wenyewe ni wa aina ile ambayo mota inaning'inia nyuma. Wiki ya pili nikataka kukata kwa nyuzi 45, nalaza bledi, mota ikalala nayo na kugonga kabati. "Fundi, kwani wakati unapima hukuilaza?" akaniuliza saidia fundi, na jibu sikuwa nalo. Nikakata sentimita 30 za kabati, pamoja na droo mbili nilizokwisha kuzipiga vanishi. Sikuzililia sana: zilitazama msumeno, na kila jioni zilikuwa zimejaa unga wa mbao hata skrubu huzioni. Droo zilizobaki zinafungukia ubavuni. Humo nimeweka vibano, gundi, bledi za akiba na misasa. Rafu ya chini kabisa imegeuka makaburi ya vipande vya mkongo ambavyo najua sitavitumia.

Lawama niliyonayo kwa meza yenyewe ni moja: kazi zake mbili zinagombana. Kabati likiwa juu linasubiri gundi ikauke, msumeno nao umelala, na mteja wa mbao za kupasua anakaa kwenye benchi anatazama simu. Tena tone la gundi likishakauka mezani lina kimo cha kutosha kula zile milimita 2 zote, na ubao unagota palepale. Nimejaribu kusugua uso kwa nta ya mshumaa. Matone yanabanduka kwa patasi bila taabu, ila nta haidumu wiki mbili. Nimeshapima fomeka, lile karatasi gumu la kubandika, ya kufunika juu. Ni nyembamba, lakini nayo ina unene wake, kwa hiyo siku ya kuibandika nitaanza kwa kushusha boliti.

Ningekuwa na mita mbili zaidi za karakana ningejenga meza mbili. Kwa nafasi hii naipa nne kati ya tano. Saidia fundi hapokei tena mbao, sasa yuko kwenye msasa, na analalamika kwamba kule alikuwa anapumzika.