Nafaka za Kununua kwa Anayefunga Choo: Tazama Chembe Kwanza

Pumba za ngano nilizonunua katika duka moja la vyakula vya afya jijini Dar es Salaam zilisifiwa pakiti nzima, lakini nilipomimina kijiko kimoja kiganjani nilikuta unga laini kama poda ya mtoto. Nilizitia kwenye uji kwa wiki mbili, na bado nilikaa hadi siku tatu bila kupata choo, na kilipopatikana kilikuwa kigumu.

Nyuzinyuzi za ngano haziyeyuki katika maji, na bakteria wa utumbo mpana huzichachua kwa sehemu ndogo tu, hivyo hufika huko zikiwa bado chembe. Msuguano wa chembe hizo ndio unaoufanya utumbo utoe maji na ute, choo kikalainika na kusogea. Zikisagwa mpaka zikawa vumbi, kazi hiyo hupungua sana, na pumba laini mno zinaweza hata kukifanya choo kiwe kigumu zaidi. Pakiti hutaja gramu za nyuzinyuzi, wala haitaji ukubwa wa chembe, na hapo ndipo wengi tunapopoteza fedha.

Ninaipa All-Bran ya Kellogg's, nafaka ya kifungua kinywa, nafasi ya kwanza, na sifichi kwamba ndiyo niipendayo. Ina takriban gramu 27 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100, na nyingi zinatokana na pumba za ngano, kwa hiyo bakuli la gramu 40 linavuka gramu 10 kwa siku, kiwango cha nyuzinyuzi za pumba za ngano ambacho kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2012 zinataka mlaji aelezwe kuwa ndicho cha chini cha kuharakisha mwendo wa utumbo, chakula kinapotangazwa kwa sifa hiyo. Anza na nusu bakuli ili tumbo lisijae gesi, na unywe maji ya kutosha.

Weetabix inafuata, kwa kuwa ni ngano nzima, ingawa vipande viwili havifikishi hata gramu 4. Oti ninaziweka ya tatu, maana sehemu kubwa ya nyuzinyuzi zake huyeyuka na kuchachuka, jambo linalosaidia kupunguza lehemu (kolesteroli) ya damu kuliko kulainisha choo. Dona ya mashineni ni rahisi na inaishinda sembe; msagishaji aombwe asiilainishe sana.

Mkate wa brauni usinunuliwe kwa rangi yake, kwa sababu rangi hiyo yaweza kutoka kwenye karameli huku unga wenyewe ukiwa mweupe. Soma kiambato cha kwanza.

Kinachoniuma ni bei ya pumba hizi, ambazo vinu vyetu huzitenga kila siku na kuziuza kwa mifuko kuwa chakula cha mifugo, kisha dukani zinarudi katika pakiti ndogo kwa bei ya dawa. Niliporudi kuomba nioneshwe chembe kabla ya kununua pakiti nyingine, muuzaji alikataa, ilhali sokoni mchele tunautafuna punje kwa punje kabla ya kulipa.