Mrija wa Shigemi kwa protini: bei inalipa, viputo ndivyo adui

Maabara za Kisumu, Maseno au Njoro zinazotengeneza protini na kuituma mbali ikapimwe kwa mashine kubwa ya NMR (husoma molekuli kwa sumaku), hesabu ya kwanza huwa ni kiasi. Protini yenye uzito wa kilodaltoni 15, ikiwa na nguvu ya milimola 0.5 kwa lita, hutaka miligramu 4.1 kujaza mikrolita 550 za mrija wa kawaida wa milimita 5. Shigemi, mrija maalumu wa sampuli ndogo, hutosheka na mikrolita 300, yaani miligramu 2.25. Bakteria waliotengeneza protini hiyo walilishwa nitrojeni-15, pengine na glukosi ya kaboni-13 ambayo bei yake inauma, kwa hiyo akiba hiyo si haba.

Ujanja uko kwenye kioo. Kitako kinene na fimbo inayoshuka juu ya sampuli huitikia sumaku sawa na maji, hivyo uga haupindiki kwenye ncha za kimiminika. Agiza ule wa maji. Wa klorofomu hautakufaa.

Tatizo ni viputo. Bafa (kimiminika kinachodhibiti pH ya protini) ya kutoka kwenye friji imebeba hewa nyingi. Ikifika nyuzi 25 au 30 ndani ya mashine, hewa hutoka na kujibanza chini ya fimbo. Kwenye HSQC moja, yaani ramani ya vilele vya ishara za protini, utaona vilele vimenenepa, basi. Balaa ni unapopima mwendo wa protini kwa T1 na T2, muda ambao ishara huchukua kurudi na kufifia. Vipimo hivyo vyaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na kiputo kikikua katikati, vilele hushuka kwa sababu isiyoihusu protini kabisa. T2 utakayokokotoa hapo ni uongo mtupu.

Acha sampuli ipate joto la chumba, izungushe kwenye sentrifuji dakika 10, maji mazito (D2O) yakiwa asilimia 5 hadi 10. Jaza kwa pipeti ndefu kuanzia chini. Inamisha mrija kidogo, shusha fimbo hadi kimiminika kifike juu ya ncha yake na viputo vitoke pembeni, kisha inua polepole ukiizungusha. Ukivuta kwa pupa unanyonya hewa. Funga kwa parafilm (utando wa nta unaonyumbulika), la sivyo fimbo itateleza.

Kuosha, usiguse asidi ya kromiki: kromu hubaki kwenye kioo na usumaku wake huvuruga vipimo. Brashi hukwaruza, oveni yaweza kuupinda.

Wanafunzi wanaojifunzia kwa sukari wapewe mrija wa kawaida. Na protini ya kusafirishwa iende ndani ya kichupa cha plastiki kwenye barafu, ijazwe hukohuko kwenye mashine.